Kabla Hamjapanda Basi la Dar

Shindano la redio la CQ World Wide limekuwapo tangu 1948, na kanuni zake zinambeba aliye Afrika. Ukizungumza na mtu wa bara jingine unapata pointi tatu. Mtu wa nchi nyingine ndani ya bara lako anakupa pointi moja. Mjerumani akimpata Mfaransa anaandika moja. Wewe ukimpata Mjerumani huyo huyo kutoka Afrika Mashariki unaandika tatu, na Ulaya imejaa wanaredio wa ridhaa ambao wikendi hiyo hawalali. Ndiyo maana kuna Wazungu wanaokata tiketi za ndege, wakabeba maboksi ya redio na nguzo za antena, wakaja kukaa huku siku chache tu kisha wakarudi kwao. Sisi wa Nairobi tayari tuko upande huu wa hesabu. Kwetu, ugenini ni mwendo wa basi.

Ushauri huu ni kwa kundi la marafiki watatu au wanne wenye leseni, wanaokutana mjini baada ya kazi, ambao kila mwaka husema lazima siku moja waende kushindana nje ya nchi. Nasema waende. Ila safari ya namna hii hufaulu au kuharibika hapa hapa mjini, miezi kadhaa kabla ya kupanda basi, na kinachoiharibu mara nyingi si redio. Ni karatasi ambazo hazikuombwa mapema, na mambo ambayo marafiki waliona haya kuyazungumza.

Kwanza, mahali. Wengi hufikiria Uganda au Rwanda, kwa kuwa tangu 2014 Mkenya anaingia huko kwa kitambulisho tu. Hoja hiyo ina uzito kwa kundi ambalo nusu yake haina pasipoti. Lakini kama muda upo, mimi nawaelekeza Unguja kupitia Dar, na hasa Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa. Sababu ni maji ya chumvi. Antena ya wima ikisimamishwa ukingoni mwa bahari, mawimbi yake huondoka chini chini kuelekea upeo wa macho, na mawimbi yanayoondoka hivyo ndiyo yanayofika mbali. Ulaya kutoka huku iko kaskazini, Marekani iko kaskazini magharibi, na ukisimama Nungwi upande huo wote ni bahari. Kwa bendi ya mita 20, antena ya robo ya wimbi ina urefu wa mita tano tu. Fito nyepesi ya faibaglasi, waya, na nyaya nyingine chache za kutandaza mchangani, basi. Mtu mmoja anaisimamisha peke yake.

Linganisha na katikati ya jiji letu. Ukiwasha redio kwenye ghorofa la Moi Avenue utasikia mvumo wa lifti, chaja, taa za mabango na inveta za maduka kabla hujasikia mtu yeyote. Kutuma unaweza, tatizo ni kusikia. Ufukweni usiku, masikio yako yanafunguka, na aliyezoea kelele za mjini hushangaa ni watu wangapi walikuwa wakimwita asiwasikie.

Mnaopenda visiwa kwa ajili ya visiwa mjue pia kwamba Unguja ina namba yake katika mpango wa kimataifa wa visiwa hewani, AF-032, na shindano la mpango huo hufanyika wikendi kamili ya mwisho ya Julai kwa saa 24. Ni shindano fupi, zuri kwa kundi linaloanza. Ila Julai ni kusi, upepo unavuma bila kupumzika, na fito zenu zitahitaji kamba za kutosha. Katika CQ World Wide, kinyume chake, Unguja huhesabiwa kama Tanzania tu. Ilikuwa na hadhi yake yenyewe katika orodha ya nchi za wanaredio hadi 1974.

Pili, tarehe. CQ World Wide ya sauti hufanyika wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, na neno "kamili" limewaponza watu. Mwaka 2026 tarehe 31 Oktoba ni Jumamosi, lakini Jumapili yake imeingia Novemba, kwa hiyo wikendi yenyewe ni ya tarehe 24 na 25. Mkiomba likizo ya wiki isiyo sahihi hamna wa kumlaumu. Mwaka huo pia Mashujaa Dei, 20 Oktoba, ni Jumanne. Ondokeni usiku wa Jumatatu mkitoka kazini, na siku moja ya likizo mmeiokoa. Jambo la tatu kwenye kalenda ni mwezi: utakuwa mpevu tarehe 26, maana yake mtashindana wakati wa bamvua. Fukwe za mashariki kama Paje na Jambiani, maji yakipwa hukimbia mbali sana na yakijaa hupanda juu sana. Nungwi hali ni afadhali, lakini hata hapo msisimamishe antena Alhamisi maji yakiwa chini mkadhani mmemaliza. Muulizeni mvuvi maji ya bamvua hufika wapi. Atawaonyesha kwa kidole, na mstari huo atakaowaonyesha ni wa kuaminika kuliko programu yoyote ya simu.

Sasa karatasi. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye maumivu.

Wanaredio wa Ulaya wana mwafaka wao wa CEPT unaowawezesha kuvuka mipaka na leseni zao za nyumbani na kuanza kutuma. Sisi hatuna kitu kama hicho kati yetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki imetupa pasipoti ya pamoja na vituo vya mpakani vya pamoja, lakini leseni yako ya Kenya, ya alama ya wito inayoanza na 5Z, inaishia Namanga. Ukitaka kutuma Tanzania unahitaji kibali cha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ofisi zake kuu ziko Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam. Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo mamlaka hiyo ndiyo inayohusika hata Unguja. Hamuendi kuomba mara mbili. Alama za wito za Tanzania huanza na 5H, na kwa desturi za Unguja huwa 5H1.

Kabla ya kuiandikia TCRA, pandeni matatu za Kangemi mshuke Waiyaki Way, kwenye makao makuu ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Hakikisheni leseni ya kila mmoja wenu iko hai na haitaisha muda kabla ya Novemba. Leseni iliyoisha Septemba haiwezi kuzaa kibali cha Oktoba. Kisha andikeni barua moja ya maombi kwa kundi zima: nakala za leseni, nakala za pasipoti, orodha ya mitambo yenye aina na namba za kila redio, nguvu mtakayotumia, mahali mtakapokaa, tarehe ya kufika na ya kuondoka. Elezeni kwa Kiswahili safi kwamba ni shindano la ridhaa lisilo na malipo. Afisa anayepokea barua huenda hajaona maombi kama hayo mwaka mzima, na barua iliyoeleza vizuri humrahisishia kazi. Iandikeni miezi mitatu au minne mapema, mteueni mtu mmoja wa kuifuatilia, na msikate tiketi yoyote isiyorudisha pesa hadi kibali kiwe mkononi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kuna wanaoamini kwamba wikendi moja tu haitamuumiza mtu. Kutuma bila kibali katika nchi ya watu ni kosa la jinai, na atakayeumia ni kundi linalokuja baada yenu kuomba ruhusa kwa njia ya haki.

Pasipoti mnaomba kupitia eCitizen na kupigwa picha Nyayo House. Anzeni mapema, foleni ya huko haijui shindano. Kadi ya manjano nayo: chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, na tangu 2016 cheti chake ni cha maisha. Aliyechanjwa atafute kadi yake leo, si usiku wa safari.

Mwisho wa karatasi ni forodha. Namanga ni kituo cha pamoja, maafisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja, na mtakapokuwa mnaingia Tanzania hata muhuri wa kutoka Kenya mtaupata upande ule. Chapeni nakala za kutosha za ile orodha ya mitambo yenye namba za redio. Ombeni afisa wa Kenya agonge muhuri kuthibitisha kwamba vitu hivi vimetoka nchini, maana bila hivyo mnaweza kudaiwa ushuru mkirudi na redio zenu wenyewe. Kwa afisa wa Tanzania elezeni kwamba vinaingia kwa muda na vitarudi, na kibali cha TCRA kiwe juu kabisa ya bahasha. Fungueni mabegi kabla hamjaambiwa. Basi zima linawasubiri, na mtu anayeficha chaja hufanya hata chaja ionekane kama bunduki.

Vifaa vingi mtavipata hapa hapa mjini. Luthuli Avenue ina karibu kila kitu cha umeme mdogo, na ina pia kila aina ya kitu kinachofanana nacho. Kebo ndiyo ya kuangalia zaidi. Utaingia dukani uulize kebo ya koaksia, na kijana atakuvutia bunda jeusi linalong'aa. "Bosi, hii ni kopa safi," atakuambia. Mwombe akate kipande cha kidole kimoja. Shika waya wa katikati uukwaruze kwa wembe. Ukitoa rangi ya fedha chini ya wekundu, shaba imepakwa tu. Sogeza sumaku ndogo: ikinata, ndani ni chuma, isiponata lakini ndani ni mweupe, ni aluminiamu. Tazama pia maandishi ubavuni. Zinazouzwa kwa wingi ni RG-6 na RG-59, hizo ni za televisheni, za omu 75, na redio zetu zinataka 50. Tafuta RG-58 kwa vipande vifupi na RG-213 kwa masafa marefu. Tofauti yake si ndogo: mita 30 za RG-58 kwenye bendi ya mita 10 hula zaidi ya theluthi ya nguvu yako kabla haijafika kwenye antena, RG-213 hula karibu sehemu moja ya tano. Nunueni plagi za ziada, fyuzi za ziada, pete za feraiti, risasi ya kuchomelea na nyundo ndogo. Plagi zote zichomelewe Nairobi, mezani, mkiwa mmelala vizuri. Upepo wa bahari hauruhusu risasi kuyeyuka.

Kuna atakayesema mbebe amplifaya. Mkatazeni. Ubingwa wa dunia wa mchezo huu, WRTC, ulioanza Seattle mwaka 1990 na ambao zamu yake ya 2026 ni Uingereza, huwakutanisha wawili wawili walio bora duniani, kila jozi ikiwa na antena sawa na wati 100. Wanapitana kwa masikio na kwa mdomo. Wati 100 ndizo pia mpaka wa kundi la nguvu ndogo katika CQ World Wide, na kwa wati hizo, ukiwa na bahari mbele yako, utaitwa na watu wengi kuliko unavyoweza kuwaandika. Uzito wa amplifaya uwe redio ya akiba. Redio ikifa Jumamosi asubuhi Nungwi, hakuna Luthuli.

Umeme wa Unguja hutoka bara kwa kebo iliyopita chini ya bahari. Kebo ya zamani ilipoharibika mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kebo mpya ilikuja baadaye na mambo yametulia, ila kukatika kwa saa mbili tatu ni jambo la kawaida kama huku kwetu. Redio ya wati 100 hula kama ampea 20 inapotuma, kwa hiyo betri ya kweli inahitajika. Hapa basi linaishinda ndege. Kwenye ndege ya abiria, betri ya lithiamu iliyo chini ya saa-wati 100 unaingia nayo mkononi. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika. Zaidi ya hapo hairuhusiwi kabisa. Betri ya volti 12.8 na saa-ampea 20 ina saa-wati 256. Wanaosafiri kwa ndege wanaiacha nyumbani au wananyang'anywa. Nyinyi wa basi mnaifunga vizuri, vidole vyake vikiwa vimefunikwa kwa tepu, na kuiweka chini ya kiti.

Wiki tatu kabla ya safari, nendeni Ngong Hills na kila kitu. Namaanisha kila kitu, pamoja na viti, taa, laptopu yenye programu ya kuandikia mawasiliano, na yule rafiki anayesema yeye hahitaji mazoezi. Lipeni kiingilio cha msitu, mwelezeni mlinzi mnachofanya, simamisheni antena, na mshindane kwa saa nne kama vile ni siku yenyewe. Upepo wa pale utawafundisha kufunga kamba. Kila kitu mlichokihitaji na hakikuwapo kiandikwe papo hapo. Kila kitu mlichokibeba na hakikuguswa kibaki Nairobi. Ni mazoezi haya yatakayowaonyesha pia nani hukasirika akikatizwa, nani huzungumza sana hewani, na nani huandika haraka bila kukosea.

Na hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo watu hulikwepa. Fedha kwanza. Endesheni safari kama chama: mchango sawa kila mwezi kuanzia Machi, mweka hazina mmoja, na taarifa ya M-Pesa ikisomwa mbele ya wote. Amueni mapema vitu vya pamoja ni vipi na vitakuwa vya nani mkirudi. Kebo ya RG-213 iliyonunuliwa kwa mchango wa wanne ikibaki nyumbani kwa mmoja bila makubaliano, itatenganisha marafiki waliovumiliana miaka. Redio ya mtu binafsi ikiungua kazini, kundi linalipa kiasi gani? Jibu liandikwe kabla, wakati kila mtu bado anampenda mwenzake. Mkiwa Tanzania tumieni shilingi ya huko. Tangu Machi 2025 malipo ya ndani kwa fedha za kigeni yamepigwa marufuku, na M-Pesa ya Safaricom hutuma pesa hadi kwa Vodacom ya Tanzania ikiwa mtakwama.

Halafu zamu. Shindano huanza saa sita usiku kwa saa za UTC, yaani saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi kwetu, na kuisha saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Daftari lote huandikwa kwa UTC, na msomaji wa saa ya Kiswahili ana bahati hapa: chukua saa yetu ya mchana uongeze tatu, umepata UTC. Saa saba mchana ni 1000. Ya usiku ongeza kumi na mbili zaidi: saa moja usiku ni 1600. Wekeni saa moja ya ukutani kwa UTC wala msiibadilishe.

Watu wanne, zamu za saa mbili, kila mtu anakaa kitini mara sita. Inaonekana haki. Lakini zamu ya watu wanne inazunguka kila saa nane, na saa nane zinaingia kwenye siku mara tatu kamili. Maana yake Jumapili kila mtu atarudi kwenye saa zile zile alizokuwa nazo Jumamosi. Sasa, saa hazilingani utamu. Asubuhi mita 10 na 15 hufunguka kuelekea Asia, Japani ikiwamo. Kuanzia mchana ni Ulaya, wimbi juu ya wimbi. Jioni, kuanzia kama saa moja, Ulaya bado inasikika na Marekani imeshaamka, na aliye kitini wakati huo anaandika kwa kasi ambayo hataisahau. Saa saba hadi saa tisa usiku kuna radi za mvua za vuli kwenye mita 80, usingizi, na mtu mmoja wa mbali anayerudia alama yake mara tano. Kwa ratiba hiyo ya haki ya juu juu, rafiki mmoja atapata jioni zote mbili, mwingine atapata radi zote mbili, naye hatasema neno. Atasema Januari, kwa jambo jingine kabisa.

Dawa ni rahisi. Jumapili geuzeni mpangilio, wa kwanza awe wa mwisho. Bandikeni ratiba ukutani Nairobi, sio Nungwi. Pia kubalianeni kwamba aliyechoka anaweza kuamsha mwenzake bila kuombwa maelezo, na aliye kitini hakosolewi na walio nyuma yake akiwa anatuma. Maoni yote yasubiri chakula. Mtu anayesikia minong'ono nyuma ya kichwa chake huanza kukosea herufi, na kila herufi iliyokosewa ni pointi iliyopotea.

Asiye na mbio za kuitwa na umati apewe kazi ya kutafuta vizidishi, yaani nchi na kanda mpya kwenye kila bendi, kwa kuwa alama ya mwisho ni pointi zikizidishwa kwa hizo. Mtu mtulivu mwenye masikio mazuri anaweza kuinua matokeo ya kundi zima bila kuzungumza na watu wengi. Nimeona watu wa namna hii wakipuuzwa kwenye makundi, na ni hasara kubwa.

Mkifika Nungwi, wa kwanza kuonana naye ni sheha, kiongozi wa eneo. Mwenyeji wa nyumba atawapeleka. Mwamkieni vizuri, mkae, mnywe kama mmekaribishwa, kisha elezeni. "Shikamoo, sheha. Sisi ni wageni kutoka Nairobi, tuna kibali cha TCRA cha redio, na usiku wa Ijumaa hadi Jumatatu tutakuwa macho tukizungumza." Mwonyesheni kibali na mwachieni nakala. Kundi la wageni wenye nguzo ufukweni na sauti za kigeni saa nane za usiku litaulizwa tu. Afadhali aulizwe sheha naye awe na jibu.

Kisha tazameni msikiti ulio karibu. Mawimbi ya redio huingia kwenye nyaya ndefu za vipaza sauti, na sauti yako ikihesabu "fifti naini, thati seveni" kutoka kwenye spika za msikiti ni jambo la kuwavunjia watu heshima hata kama hukukusudia. Siku ya Alhamisi nendeni kwa muadhini, jitambulisheni, ombeni mmoja wenu asimame karibu na spika huku mwingine akituma kwenye kila bendi. Ikisikika chochote, sogezeni antena, funikeni nyaya zenu kwa pete za feraiti, au acheni bendi hiyo. Na wakati wa adhana nyamazeni. Dakika hizo chache hazijamnyima mtu kikombe. Fanyeni jaribio hilo hilo kwa televisheni ya mwenye nyumba. Nguo nazo: ukitoka ufukweni kuingia mtaani, vaa nguo za mtaani.

Hewani semeni machache. Alama ya wito, ripoti, kanda, asante, anayefuata. Kanda yetu ni 37, na wengi wanawaita kwa ajili hiyo. Msimsahihishe mtu kwa hasira, na mkimsikia Mwafrika mwenzenu ana sauti dhaifu chini ya umati, mpeni nafasi ingawa analeta pointi moja tu. Kituo cha klabu cha Chuo Kikuu cha Addis Ababa, ET3AA, kinaendeshwa na wanafunzi wengi. Mkikipata, kila mmoja wenu atakuwa amefanya kazi nzuri.

Daftari litumwe ndani ya siku tano baada ya shindano kuisha. Litumeni kabla hamjaondoka Unguja, mkiwa wote mezani, na nakala zake tatu ziwe kwenye simu tofauti. Hesabu za chama zifungwe ndani ya basi la kurudi, risiti zikiwa bado hazijapotea. Miezi baadaye matokeo yatatoka, na waandaaji hutoa pia ripoti inayoonyesha kila alama mliyoinakili vibaya, saa yake na bendi yake. Kutaneni mjini mwisome pamoja, mkiilinganisha na ratiba ya zamu. Itaonyesha nani hukosea akichelewa kulala na nani ni bora alfajiri, na zamu za mwaka unaofuata zipangwe kutokana na karatasi hiyo.